Malengelenge kwenye Pleti Mpya: Kisa cha Tishari Moja la Kisumu

Lengelenge la kwanza nililipasua kwa ncha ya kisu cha mfukoni, nimelala chali chini ya tumbo la tishari, kokoto zikinichoma mgongoni. Lilikuwa na upana wa sarafu ya shilingi ishirini. Rangi haikumeguka, ilivutika kidogo kama ngozi, ikatoboka, na tone la maji likanidondokea kwenye kifundo cha mkono. Maji meupe, hayana harufu. Nilipoifunua ile ngozi, chuma cha chini yake kilikuwa cheusi kama sufuria ya kuni. Kutu nyekundu haikuwepo.

Nilikuwa nimeitwa nithibitishe kwamba rangi ilikuwa bandia. Mwenye tishari, mzee aliyevusha mizigo ziwani kwa miaka mingi, alikuwa ameshamwambia muuzaji wa rangi hivyo, na muuzaji akamjibu kwamba mafundi hawajui kuchanganya. Mafundi nao waliilaumu mvua. Ilikuwa Oktoba. Tishari lilipakwa upya mwezi wa Aprili, likashushwa majini likimeremeta, na fundi mkuu alikuwa bado anadai nusu ya pesa zake. Kazi yangu mimi ni kukagua rangi za vyuma: matangi, madaraja, mapaa ya viwanda vya ukanda wa miwa, na mara mojamoja chombo cha majini. Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kila mtu pale ufukweni alikuwa akiitazama rangi, na kosa halikuwa kwenye rangi hata kidogo.

Nilianza kwa kuiondolea rangi lawama. Ilikuwa epoksi ya tu-paki, yaani kopo la rangi na kopo la kigumishi, makoti mawili, jumla mikroni 300 kwenye makubaliano (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Kipimo changu kilisoma kati ya 270 na 340 karibu kila mahali. Mtu aliyetaka kuiba rangi hangeacha unene huo. Niliisugua kwa kitambaa chenye thina na haikulainika, kwa hiyo kigumishi kiliingia kwa kipimo chake. Kisha nikagundisha visahani vidogo vya alumini juu ya rangi, nikavingoja vishike, nikaving'oa kwa mashine inayosoma nguvu ya kung'oa. Pale rangi ilipokuwa nzima ilihitaji megapaskali 9 kutoka, na ilipasukia ndani yake yenyewe badala ya kuachana na chuma. Rangi bandia haifanyi hivyo.

Basi nikaomba chaki. Mimi na vijana wawili tulizungushia kila lengelenge duara, na kila mahali palipobanduka tukapiga mstari wa mshazari. Ilituchukua asubuhi nzima. Tulipotoka chini ya tishari na kuangalia tena kwa tochi kutoka mbali kidogo, mchoro ulijisema wenyewe. Maduara yalijaa ndani ya mistatili. Yalifika kwenye mshono wa weldingi yakasimama hapo, kama ng'ombe waliofika kwenye ua. Upande wa pili wa mshono, rangi ileile, kopo lilelile, siku ileile, hakukuwa na hata moja.

"Hizo ni pleti mpya," akasema msimamizi wa kazi polepole. Pleti, yaani mabamba ya chuma ya tishari, mpya zilikuwa 11. Zile kuukuu, ambazo zimekaa ziwani miaka na miaka, hazikuwa na tatizo hilo.

Mzee alikasirika. "Mkaguzi, unaniambia chuma kipya ndicho kibovu, na kile kikongwe ndicho kizima?"

Nilimwambia bado sijasema, ila chuma chenyewe kimeshaanza kusema.

Chumvi mahali pasipo na chumvi

Maji ya Ziwa Victoria ni matamu. Nilipima ya pale gatini na yalisoma maikrosimensi 160 kwa sentimita, kiasi kidogo tu cha chumvichumvi. Ndiyo maana mafundi wengi wa upande huu wa nchi hawafikirii chumvi kabisa. Hayo wanayaona ni mambo ya Mombasa. Lakini kwa malengelenge, maji matamu ni hatari kuliko maji ya bahari.

Anayefanya kazi ya samaki kwenye ufuko wa Dunga, hapa Kisumu, atanielewa haraka. Mpasue mbuta, mpake chumvi jioni, mweke kwenye karai. Asubuhi utakuta karai lina maji. Chumvi imeyavuta kutoka ndani ya nyama, na ngozi ya samaki haikuyazuia. Rangi ya epoksi nayo si bati. Ina nafasi ndogo mno ambazo molekuli ya maji hupenya, polepole, mwezi hadi mwezi. Ikiwa chini yake kumebaki chembe za chumvi, maji matamu ya nje huvutwa kuelekea kwenye chumvi hiyo, yakusanyike hapo, yaisukume rangi juu. Kadiri maji ya nje yalivyo matamu ndivyo mvuto unavyozidi. Meli ya baharini yenye kosa hilihili ingechelewa kutoa malengelenge, kwa sababu nje na ndani kote kungekuwa na chumvi.

Chumvi ilitoka wapi? Pleti zilinunuliwa Mombasa. Zilikuwa zimelala kwenye yadi ya wazi karibu na bahari, kwa muda ambao hakuna aliyejua kunieleza, mpaka kutu ikazichimba vishimo. Zilipofika Kisumu zilipigwa mchanga, yaani zilirushiwa mchanga kwa hewa yenye presha, zikawa nyeupe, na kila aliyeziona aliridhika. Hapo nikamuuliza msimamizi swali ambalo huwa nauliza kila mahali: baada ya kuzipiga, zilikaa na rangi gani?

Akafikiri. "Asubuhi zilikuwa safi. Tulipotoka kula zilikuwa zimeshika weusi, na nyingine zina madoadoa ya manjano. Tukazipitisha tena mchanga harakaharaka, tukapaka."

Hilo lilitosha kuniambia. Chuma kisicho na chumvi, kwenye hewa kavu ya mchana, hukaa saa kadhaa bila kubadilika. Chenye chumvi hunyonya unyevu wa hewani na kuanza kuugua hapohapo. Wao waliona ugonjwa, wakaufuta kwa mchanga, wakaufunika. Mchanga mkavu hauoshi chumvi. Hung'oa kutu ya juu, lakini chumvi iliyo chini kabisa ya kishimo hubaki, na mara nyingine hugongelewa ndani zaidi.

Kwa kuwa mzee alikuwa bado haniamini, tulisafisha eneo dogo la pleti mpya mpaka chuma kitupu. Nililowesha kipande cha karatasi iliyotiwa ferisianidi ya potasiamu kwa maji yaliyochujwa na mvuke, nikaigandamiza kwenye chuma kwa kidole gumba. Karatasi hii ni ya manjano hafifu, na hugeuka buluu ikikutana na chumvi ya chuma inayoyeyuka majini. Tukasubiri. Baada ya muda mfupi vikatokea vidoti vya buluu, kimoja hapa, kimoja pale, kisha vingi, na nilipoinua karatasi na kuilinganisha na chuma, kila kidoti kilikuwa kimekaa sawasawa juu ya kishimo. Mzee aliichukua akaitazama kwa muda mrefu. Hakusema neno, ila siku ile ndiyo aliacha kumtaja muuzaji wa rangi.

Karatasi huonyesha mahali, kiasi haisemi. Kwa kiasi nilitumia kipachiko cha njia ya Bresle, kile kibandiko chenye kimfuko cha mpira ambacho unakipachika kwenye chuma, unaingiza maji safi kwa sindano, unayavuta na kuyarudisha mara kadhaa, kisha unayapima. Pleti kuukuu zilitoa miligramu 18 kwa mita ya mraba. Pleti mpya ya kwanza ilitoa 210, ya pili 185. Kwa matangi ya maji ya uzani ndani ya meli, Shirika la Kimataifa la Bahari liliweka kikomo cha 50 mwaka 2006, na kwa chuma chochote kitakachozama mimi hutumia kikomo hicho. Pleti hizi zilikuwa zimekipita mara nne.

Ubavu uliobanduka

Hiyo ilieleza maduara. Ile mistari ya mshazari ilikuwa kisa kingine. Kwenye ubavu unaoelekea ziwani, juu ya pleti kuukuu zisizo na chumvi, rangi ilikuwa inatoka vipande vikubwa kama viganja. Nilichukua kimoja nikakigeuza. Upande wa nyuma haukuwa laini, wala haukuwa na kutu. Ulikuwa na unga mwembamba wa rangi ya ugali wa mtama. Nilipousugua, ulibaki kwenye dole gumba.

Niliwaomba mafundi wasinieleze, wanionyeshe. Walete kompresa ileile, poti ileile la mchanga, mpira uleule, wapige mita moja ya mraba kama walivyopiga Aprili. Walikubali kwa heshima, na nawashukuru, kwa sababu si rahisi mtu kurudia kazi yake mbele ya mkaguzi.

Kompresa ilikuwa ya futi za ujazo 185 kwa dakika, ile ndogo inayovutwa na pikapu, ambayo ni kama mita za ujazo 5.2. Gaji yake ilisoma baa 7, na baa 7 ndiyo presha nzuri ya kupigia chuma. Tatizo ni kwamba gaji hiyo iko kwenye mashine, na kazi iko kwenye noseli, ile ncha ya mpira inayotoa mchanga, mita 40 mbali. Nilichoma sindano yenye gaji kwenye mpira, nyuma kidogo ya noseli, mchanga ukiwa unatoka. Ikasoma 3.8.

Nikaomba noseli. Ilinunuliwa ikiwa na tundu la milimita 9.5. Nilichukua biti ya drili ya milimita 12 nikaitia. Ikapita bila kugusa. Mchanga ulikuwa umeila noseli kwa ndani, na hakuna aliyeona kwa sababu kwa nje haikubadilika. Tundu likitoka 9.5 kwenda 12, eneo lake huongezeka kwa asilimia 60 hivi. Noseli mpya ya kipimo hicho hula kama mita za ujazo 5.5 za hewa kwa dakika ikiwa kwenye baa 7, ambazo kompresa ile haikuzifikia sawasawa tangu mwanzo. Iliyoliwa hutaka karibu 9. Kompresa haina hewa hiyo, kwa hiyo presha inashuka, mchanga unatoka na kelele nyingi na nguvu ndogo. Fundi anafidia kwa kusogea karibu na kukaa sana mahali pamoja. Anamaliza mchanga, dizeli na mgongo wake, na bado kwenye pembe za mbavu ndogo anaacha ganda la kiwandani, lile la rangi ya buluu-kijivu ambalo chuma hutoka nalo kwenye tanuri. Ganda hilo hudanganya jicho. Linaonekana kama chuma, lakini litaachia siku moja na rangi iliyo juu yake.

Kisha tukafunga mchanga tukaacha hewa tupu ipite, nikashika kitambaa cheupe mbele yake kwa dakika moja. Kilirudi na unyevu na vidoa vya kahawia. Kompresa ilikuwa ikitema maji na oili, na hakukuwa na chombo cha kuvichuja. Maji hayo ndiyo yaliyoshikisha unga wa mchanga kwenye chuma. Mchanga wenyewe ulikuwa wa mto, uleule unaojengewa nyumba, haujachekechwa wala kukaushwa, una udongo ndani yake, na punje yake ikigonga chuma hupasuka kuwa vumbi. Walilipuliza vumbi hilo kwa hewa ileile yenye maji na oili. Nilibandika selotepu kwenye kile kipande walichonipigia nikaing'oa: haikuonekana tena kuwa tepu, ilikuwa karatasi ya msasa.

Na wakapaka kesho yake asubuhi. Ubavu wa ziwani, Aprili, saa moja asubuhi. Nilipima hali kama hiyo kwa siku tatu nikiwa pale: hewa nyuzi 20, unyevu asilimia 88, na kwa hali hiyo umande huanza kutua kwenye kitu chenye nyuzi 18. Chuma chenyewe kilikuwa na nyuzi 19. Kanuni tunayoifuata inataka chuma kiwe juu ya hapo kwa nyuzi 3 au zaidi. Mkono haukuhisi maji, jicho halikuyaona, lakini yalikuwepo, yamelala na vumbi. Kwa hiyo mvua waliyoilaumu haikuwa uongo mtupu. Unyevu ulikuwepo, ila haukuwa ule uliotoka mawinguni.

Aliyeshika mpira

Kuna jambo nililoliona katika lile onyesho ambalo halihusu rangi, na ndilo lililoninyima usingizi.

Kijana aliyeshika noseli alikuwa amejifunga tisheti puani, juu yake akavaa helmeti ya pikipiki yenye kioo kilichokwaruzwa mpaka kikawa kama maziwa. Alipiga kwa kupapasa. Ndani ya dakika mbili hatukumwona. Wingu lilimfunika yeye na ubavu mzima. Alipotoka, nyusi zake zilikuwa nyeupe. Nilimuuliza ameifanya kazi hii muda gani. "Miaka sita, mzee." Alikohoa alipokuwa anajibu, akageuza uso kwa adabu.

Mchanga wa mto kwa sehemu kubwa ni silika. Punje inapopasuka kwenye chuma hutoa vumbi jembamba kiasi kwamba tisheti ni kama wavu wa mbuta mbele ya dagaa. Vumbi hilo hufika mwisho wa mapafu na halitoki. Mapafu hujaribu kulizingira kwa kovu, kovu juu ya kovu, mpaka nafasi ya pumzi inaisha. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba, na huendelea hata mtu akishaacha kazi. Tena humfanya mtu ashikwe kwa urahisi na kifua kikuu, katika sehemu ya nchi ambayo tayari ina mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Wapiga mchanga ni miongoni mwa wafanyakazi wanaougua upesi zaidi, kwa sababu vumbi lililotoka kupasuka sasa hivi ndilo kali.

Si habari mpya. Mmarekani Benjamin Chew Tilghman alisajili uvumbuzi huu wa kupiga mchanga mwaka 1870. Uingereza ilitunga kanuni za kuukataza mchanga katika kazi hii mwaka 1949. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka silika ya fuwele inayovutwa kazini katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ni ya 2007, nayo inamtaka mwajiri amkinge mfanyakazi na vumbi la kudhuru. Na bado ukipita kando ya barabara kubwa utaona kijana, helmeti ya pikipiki, wingu jeupe. Mchanga ni rahisi kwa sababu gharama yake haimo kwenye risiti ya mwenye kazi. Imo kifuani mwa mtu mwingine.

Niliandika kwenye ripoti yangu, juu kabisa, kabla ya chumvi na noseli, kwamba sitakagua marudio ya kazi yoyote itakayofanywa kwa mchanga wa mto. Msimamizi alinivuta kando. "Omera, hiyo utaifanya kazi iwe ghali." Nikamwambia kazi ya kwanza ilishakuwa ghali, na bado hawajalipana.

Kuchagua njia

Tulikaa na mzee kwenye kivuli, chai mkononi, tukazipitia njia moja moja. Grainda na brashi ya waya zilitoka mapema. Zinafaa kwa geti la nyumba, si kwa chuma kinachozama. Waya hung'arisha kutu badala ya kuing'oa na hauachi meno ya kushika rangi. Mzee aliwahi kusikia kuhusu mashine za maji ya presha kubwa sana, zaidi ya baa 2,000, ambazo hung'oa rangi na kuosha chumvi kwa mpigo mmoja. Kwa chumvi yetu zingekuwa dawa kamili. Ila hazichongi meno mapya, hufunua yale yaliyokuwepo tu, na mashine ya aina hiyo hatukuipata.

Punje za chuma chenyewe, zile zenye kona kali, hutumika tena na tena na hufanya kazi nzuri mno, lakini zinataka chumba kilichofungwa ili zikusanywe, na zikilala nje usiku mmoja kando ya ziwa zinashika kutu zikawa mawe. Slagi ya shaba ilikuwa na bei nzuri, lakini vipande vyake huelekea kubaki vimechomeka kwenye chuma, na sikuitaka karibu na maji ambayo watu wanachota. Tulizungumza pia juu ya kuchanganya mchanga na maji ili vumbi lipungue. Hupungua kweli, ila matope yakikauka ni silika ileile inayopeperuka.

Tukaamua ganeti. Ni jiwe la familia moja na tsavoraiti, kile kito cha kijani cha Taita-Taveta, ingawa ganeti ya kazi hii ni nyekundu-zambarau na haina thamani ya pete. Ni zito, gumu, halipasuki ovyo, na silika huru ndani yake kwa kawaida haifiki asilimia 1. Bei ya mfuko ilimshtua mzee. Nikamwonyesha hesabu: ikipigwa juu ya turubai, ikazolewa ikiwa kavu na kuchekechwa, inarudi kazini mara tatu au zaidi, mchanga wao ulitumika mara moja ukawa vumbi. Kwa mita za mraba kama 330, akanunua tani tatu, na haikuisha yote.

Marudio

Tulingoja Januari, mvua ikiwa imepungua. Kompresa ya futi za ujazo 375 ilikodishwa, ikafungwa kipoozeo na vichujio vya maji na oili. Noseli mpya, na biti ya drili ikafungwa kwa kamba kwenye poti ili kila asubuhi mtu apime tundu. Kishikio cha noseli kikawa cha aina inayofunga hewa ukiachia mkono. Hiki usikiruke: mpira wenye baa 7 ukimponyoka mtu hugeuka nyoka. Na helmeti ya kuletewa hewa, yenye kichujio chake peke yake, kwa yeyote anayeshika noseli. Wengine wote mbali, upande unakotoka upepo.

Pleti 11 zilifanyiwa kazi mara mbili, na hapa ndipo palipohitaji uvumilivu. Zilipigwa ganeti mpaka kutu ikaisha kwa macho. Kisha zikaoshwa kwa maji ya bomba yenye presha, vishimo kwa vishimo, na kusuuzwa kwa maji ya mvua kutoka tangi la mzee. Tukaziacha usiku. Asubuhi zilikuwa zimepata kutu nyepesi ya manjano, na fundi mkuu alishika kichwa. Nilimwambia aiache, kwa kuwa chumvi iliyojificha ndani ya vishimo ilikuwa imeanza kutoka. Zikaoshwa tena, zikakauka, zikapigwa ganeti kwa mara ya pili. Nilipima chumvi kwenye nane kati ya hizo. Sita zilikuwa chini ya 40. Mbili zilisoma 64 na 71, zikarudia safari yote. Siku hiyo nilichukiwa kidogo.

Usafi tulioutaka ulikuwa Sa 2½ kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 8501-1: pasionekane oili, ganda la kiwandani, kutu wala rangi, ila vivuli vyepesi tu. Meno niliyapima kwa tepu ile inayobonyezwa kwenye chuma ikachukua umbo lake: mikroni 60 hadi 75. Ule mchanga wao ambao haukuchekechwa ulikuwa umetoa 45 mahali pamoja na 130 hatua moja mbele, na vilele vya namna hiyo hutoboa koti la kwanza vikaanza kutu kama vipele.

Kupaka kulianza saa nne, si saa moja. Hewa nyuzi 26, unyevu asilimia 60, umande ukiwa kwenye 17 na nusu, chuma nyuzi 28. Kila kilichopigwa kilipakwa siku hiyohiyo kabla ya saa kumi, kwa sababu Kisumu mawingu hujikusanya jioni hata katika miezi ya kiangazi. Kilichobaki bila kupakwa kilipigwa upya kesho yake. Mishono ilipakwa kwa brashi kwanza, kwa mkono, halafu ndipo bunduki ikapita.

Mzee alimlipa fundi mkuu lile deni la kwanza nusu, wakakubaliana. Muuzaji wa rangi aliombwa radhi kwa simu nikiwa nasikiliza.

Yule kijana nilimsindikiza mwenyewe kupigwa picha ya kifua. Ilionyesha vidoa vidogo sehemu za juu za mapafu yote mawili. Kohozi lake halikuwa na kifua kikuu, tukashukuru kwa hilo. Daktari alimwambia asikaribie vumbi tena, la mchanga wala la jiwe lolote. Ana mke na watoto wawili, na kazi nyingine hakuwa nayo. Nilimchukua awe msaidizi wangu, kwa sababu nilihitaji mtu, na kwa sababu alikuwa na jicho: ndiye aliyeniambia, kabla sijauliza, kwamba mchanga wa lori la pili ulikuwa na udongo kuliko wa kwanza.

Miezi 14 baadaye tishari lilivutwa tena nchi kavu. Tulilala wote wawili chini ya tumbo lake kwa tochi. Pleti 11 hazikuwa na lengelenge. Kwenye ubavu wa ziwani hakikubanduka kipande. Kosa tulilolipata lilikuwa langu: mshono mmoja wa weldingi, urefu wa sentimita 40, ulikuwa na ncha kali ambazo sikuagiza zisagwe kwanza, na rangi ilikuwa imezikimbia ikaacha mstari wa kutu. Niliuandika kwenye ripoti kwa jina langu. Tukausaga, tukausafisha, na yeye akapachika kibandiko cha chumvi, akavuta maji kwa sindano na kuyarudisha mara nne bila kuharakisha, akayatia kwenye kipimo, akanisomea: "Ishirini na mbili, mzee. Andika."